Serikali ya mlengo wa kushoto ikiingia, hisa zako uzifanye nini? Mwongozo kwa mwekezaji mdogo wa Mombasa

Katika chama chetu cha kuweka na kuwekeza, kinachokutana Majengo kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, yuko mama mmoja muuza leso aliyenunua hisa za Safaricom mwaka 2008, shilingi 5 kila hisa, na mpaka leo hajauza hata moja. Mwezi uliopita alingoja mkutano uishe, akanivuta kando. "Mwanangu, hawa wanaosema matajiri wamekula vya kutosha, wakishinda, hisa zangu zitachukuliwa?"

Nilimwambia, "La, Bi, usiwe na wasiwasi." Usiku ule sikupata usingizi vizuri, maana nilimjibu ili nimtulize tu. Jibu la kweli ni refu. Nimeliandika hapa hatua kwa hatua, kwa kuwa uchaguzi mkuu ni Agosti 10, 2027, na ahadi za kushusha bei, kutoza wenye nacho na kurudisha mashirika kwa wananchi tutazisikia kutoka Mkomani hadi Mtongwe.

Hatua ya 1: Liache jina, tazama kitendo

Neno lenyewe lilizaliwa katika bunge la Ufaransa mwaka 1789, ambako waliotaka mfalme apunguziwe nguvu walikaa upande wa kushoto. Siku hizi tunakusudia serikali inayotaka dola iwe na mkono mzito zaidi katika uchumi. Mkono huo hupitia milango michache: bei, kodi, umiliki, mishahara na deni la serikali. Hiyo ndiyo ya kuangaliwa na mwekezaji. Bendera na nyimbo za mkutanoni hazimwambii kitu.

Kenya yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Nambari 10, wenye maneno "Ujamaa wa Kiafrika" katika kichwa chake, na soko la hisa la Nairobi, lililoanzishwa 1954, likaendelea na kazi yake. Nusu karne baadaye, serikali ambayo hakuna aliyeiita ya kushoto ilifanya jambo ambalo chama chochote cha kushoto kingejivunia. Agosti 24, 2016, Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria ya kuzuia benki kutoza riba ya mkopo inayozidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4. Riba ya Benki Kuu ilikuwa 10.5, kwa hivyo mkopo ghali kabisa ukawa 14.5. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwani kuna waliokuwa wakilipa 18 na zaidi.

Asubuhi yake hisa za benki ziliporomoka. Soko letu haliruhusu bei ya hisa kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, na benki kubwa zilikaribia ukuta huo. Mimi nilikuwa na hisa za benki moja, akiba ya miaka sita. Dalali wangu wa hisa alinipigia simu saa nne asubuhi, akanishauri niuze kabla ya wengine. Nilivuta siku mbili nikihangaika, kisha nikauza siku ya tatu, karibu kabisa na chini. Mwaka uliofuata bei ilikuwa juu ya ile niliyouzia, na gawio (faida anayogawiwa mwenye hisa) lililolipwa hapo katikati lilikwenda kwa aliyenunua kwangu. Sheria yenyewe ikafutwa Novemba 2019.

Hofu ile haikuwa ya bure. Faida za benki ziliguswa kweli, na benki zikawafungia mikopo wafanyabiashara wadogo, zikaona afadhali ziikopeshe serikali. Lakini kuna swali sikuliuliza: sheria hii inakata faida kiasi gani, na bei iliyoshuka tayari imekata kiasi gani? Ningekaa na kalamu nusu saa, ningeona bei imekwisha kukata kuliko sheria.

Hatua ya 2: Panga hisa zako kwa mlango unaozifikia

Chukua daftari na taarifa ya akaunti yako ya CDS, ile inayohifadhi hisa zako kielektroniki. Mbele ya kila hisa andika mlango mmoja au miwili ambayo serikali inaweza kupitia kuigusa. Usiandike "siasa", maana neno hilo halina kipimo.

Benki hufikiwa kwa riba. Kampuni za umeme hufikiwa kwa bei: Januari 2022 bei ya umeme ilishushwa kwa asilimia 15 kwa uamuzi wa serikali, na mwenye hisa za Kenya Power aliyekuwa pia na friji ya kuuza maji baridi Mwembe Tayari alifaidi kwa mkono mmoja na kupoteza kwa mwingine. Kampuni za simu hufikiwa kwa ushuru na kwa kanuni za ushindani, hasa ile yenye faida kubwa inayoonekana na kila mtu. Pombe na sigara hutangulia kila ushuru unapoongezwa, ingawa wengi wetu hapa hatununui hisa hizo kwa sababu ya dini.

Tena usiandike hasara pekee. Serikali inayojenga nyumba hununua saruji, na inayoongeza mishahara humpa mnunuzi wa chini pesa za sabuni, unga na muda wa maongezi. Mwaka 1955 makuli wa bandari ya Kilindini waligoma, Tom Mboya akaja kupatanisha, wakapata nyongeza. Pesa za kuli hazilali. Jioni yake ziko dukani Likoni. Kampuni inayouza vitu vya kila siku kwa watu wengi inaweza kufaidi kutoka kwa serikali ileile inayoibana benki. Wachambuzi wengi wa magazeti huisahau nusu hii ya hesabu, na naona ni kosa kubwa.

Hatua ya 3: Itenge siku ya taharuki na miaka inayofuata

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hivyo tukae kidogo.

Wenzetu wa Mombasa wenye jamaa Mumbai wanaikumbuka Mei 17, 2004. Nchini India, muungano wa chama cha Congress ulikuwa umeshinda bila kutarajiwa, na haukuweza kuunda serikali bila kuungwa mkono na wakomunisti. Kipimo cha soko la Mumbai, Sensex, kilifunga siku hiyo kikiwa chini kwa asilimia 11, na biashara ilisimamishwa mara mbili. Siku chache baadaye Manmohan Singh akawa waziri mkuu. Sensex, iliyokuwa karibu 4,500 siku ile ya kilio, ilivuka 20,000 kabla ya mwaka 2007 kwisha. Aliyeuza Mei 17 alimuuzia mtu aliyekuja kujenga ghorofa.

Brazil ni hivyohivyo. Mwaka 2002 wawekezaji walimwogopa Lula, kiongozi wa wafanyakazi wa vyuma, mpaka dola moja ikakaribia real 4, sarafu ya huko. Katika kampeni aliandika barua kwa wananchi akiahidi kuheshimu mikataba na madeni, na alipoingia alifanya alivyoandika. Kipimo cha soko la São Paulo kilikuwa takriban 11,000 mwisho wa 2002. Alipoondoka mwisho wa 2010 kilikuwa zaidi ya 69,000. Bei za bidhaa duniani zilimsaidia sana, hilo lazima lisemwe.

Chile, Desemba 20, 2021, siku moja baada ya Gabriel Boric kushinda: chini asilimia 6. Meksiko, Juni 3, 2024, baada ya ushindi mkubwa wa Claudia Sheinbaum: chini asilimia 6 pia. Sri Lanka, Septemba 2024, alishinda Anura Kumara Dissanayake, ambaye chama chake cha Kimarx kiliwahi kushika silaha mara mbili. Hakuvunja makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, na soko la Colombo lilimaliza mwaka likiwa juu kuliko lilivyowahi kuwa.

Usichukue mifano hiyo ukadhani kila kinachoshuka kitapanda. Ugiriki, chama cha Syriza kilishinda Januari 25, 2015. Siku tatu baadaye soko la Athens lilianguka asilimia 9, na huo ulikuwa mwanzo tu. Mwisho wa Juni benki zilifungwa, soko la hisa likafungwa wiki tano, na lilipofunguliwa Agosti 3 lilishuka asilimia 16 kwa siku moja. Waliokuwa na hisa za benki walipoteza karibu zote. Venezuela, Januari 2007, Hugo Chávez alitangaza kutaifisha kampuni ya simu na za umeme, na soko la Caracas likaanguka karibu asilimia 19 kwa siku moja.

Kilichowatenga Brazil na Ugiriki hakikuwa maneno ya jukwaani. Maswali yangu ni manne, na nakushauri uyaandike kwenye jalada la daftari. Waziri wa fedha ni nani, na amewahi kusimamia fedha za nani? Benki Kuu inaachwa ifanye kazi yake? Serikali inaishi kwa mkopo wa nani, na huyo mkopeshaji anaweza kuifungia bomba? Na je, ina wabunge wa kutosha kupitisha inachokisema, au itabidi ibembeleze? Ugiriki ilikwama kwenye swali la tatu: ilitumia euro, sarafu isiyoweza kuichapa, na wenye akiba walikuwa wakitoa pesa benki kila siku.

Majibu ya maswali haya hayapatikani siku ya kwanza. Huchukua wiki kadhaa. Kwa hivyo kanuni niliyoiweka mwenyewe baada ya 2016 ni kutouza chochote ndani ya siku kumi za mshtuko, isipokuwa nimesoma sheria yenyewe na kuona inaigusa kampuni yangu moja kwa moja.

Hatua ya 4: Kwa utaifishaji, uliza bei na namna ya kulipwa

Hili ndilo lililokuwa moyoni mwa yule mama, na Pwani halikosi wa kulisimulia. Azimio la Arusha lilitangazwa Februari 5, 1967, na kesho yake benki za Tanzania zikataifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mwaka 1971 zikafuata nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Uganda, Mei 1, 1970, Milton Obote alitangaza serikali ichukue asilimia 60 ya makampuni makubwa. Wakati huo soko la Nairobi lilikuwa la Afrika Mashariki nzima, na makampuni ya nchi hizo mbili yaliondoka katika orodha yake. Tanzania ilikaa bila soko la hisa hadi 1998, lilipoanza biashara lile la Dar es Salaam.

Lakini utaifishaji si wizi kila mahali. François Mitterrand alichaguliwa Ufaransa Mei 10, 1981, na kesho yake wauzaji walijaa soko la Paris hata hisa nyingi hazikuweza kupatiwa bei. Sheria ya Februari 1982 ikataifisha benki nyingi na makundi makubwa matano ya viwanda. Wenye hisa walilipwa kwa hati fungani za serikali, yaani hati za deni, zenye riba. Hasara yao kubwa ilikuwa kukosa faida ya miaka iliyofuata, kwa kuwa soko lilipopanda wao hawakuwa na hisa tena.

Na hapa Mwislamu wa Mombasa ana swali ambalo Mfaransa hakuwa nalo. Ukilipwa fidia kwa hati yenye riba, utaila? Zungumza na shehe wako mapema kuhusu kuipokea rasilimali na kuitenga riba, wala usingoje barua ya serikali ifike.

Kenya, Kifungu cha 40 cha Katiba ya 2010 kinakataza dola kukunyang'anya mali isipokuwa kwa manufaa ya umma, kwa kufuata sheria, na kwa fidia ya haki inayolipwa yote na bila kuchelewa. Hisa ni mali. Kwa hivyo jibu nililompa yule mama lilikuwa na msingi, ila halikutimia, kwa sababu hatari iliyo karibu nasi zaidi ni kusubirishwa. Julai 2019 Bunge liliidhinisha kutaifishwa kwa Kenya Airways. Julai 2020 biashara ya hisa zake ilisimamishwa. Zilirudi sokoni Januari 2025, na utaifishaji haukufanyika. Miaka minne na nusu, mwenye karo ya mtoto mle ndani alikuwa na karatasi asiyoweza kuiuza. Kwa hivyo pesa ya karo, ya mahari au ya matibabu isiwe kamwe kwenye hisa ambayo serikali inaongea kuichukua, hata kama unaamini italipa vizuri.

Hatua ya 5: Tazama wageni, shilingi na riba

Kwa miaka mingi wageni wamekuwa na sehemu kubwa ya biashara ya kila siku NSE, yaani soko la hisa la Nairobi. Wao hawasubiri waziri atajwe. Wakihofia shilingi, huuza kilicho rahisi kuuzika, yaani Safaricom na benki kubwa, hata kama kampuni hizo hazina kosa. Ukiona hisa nzuri inashuka bila habari yoyote ya kampuni yenyewe, mara nyingi ni mgeni anafunga mizigo.

Serikali inayotaka kutumia zaidi, isipopata kodi, hukopa. Ikikopa sana ndani ya nchi, riba za hati fungani hupanda, na aliye na hati ya zamani yenye riba ndogo huona bei yake ikishuka akitaka kuiuza mapema. Akingoja iive, analipwa kama alivyoahidiwa. Anayenunua mpya ndiye anayefaidi, na siku hizi anaweza kununua kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu, kuanzia shilingi 50,000. Kwa wasiokula riba, mlango huo umefungwa, na wengi hubaki na hisa na ardhi tu. Sukuk (hati ya uwekezaji ya Kiislamu isiyo na riba) ya kwanza kuorodheshwa NSE, mwaka 2023, ya kujenga nyumba, ilikuwa mwanzo mzuri. Ningependa kuona chama chochote, cha kushoto au cha kulia, kikituahidi nyingine.

Hatua ya 6: Fanya hesabu ya kodi kabla haijabadilishwa

Leo gawio la mkaazi wa Kenya hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5. Faida ya kuuza ardhi au hisa zisizo sokoni hutozwa asilimia 15 tangu Januari 2023, lakini hisa zilizoorodheshwa NSE zimesamehewa. Msamaha huo si wa milele: kodi ya faida ya mtaji iliwekwa Kenya mwaka 1975, ikasimamishwa 1985, ikarudi 2015. Serikali inayotafuta pesa kwa wenye nacho itaangalia hapo mapema.

Tuseme una hisa 1,000 ulizonunua kwa shilingi 5, na leo zinauzwa 30. Faida ni 25,000. Kodi ya asilimia 15 ingekuwa 3,750. Inauma, lakini haifikii hasara ya kuuza kwa hofu kwa shilingi 24 kitu cha 30, ambayo ni 6,000. Watu wengi huikimbia kodi wakaangukia hasara kubwa kuliko kodi yenyewe.

Hatua ya 7: Tayarisha karatasi na agizo lako

Fanya haya kabla ya kampeni kupamba moto. Hakikisha jina lako kwenye CDS ni lile la kitambulisho, namba ya simu ni ya sasa, na akaunti ya benki ya kupokelea gawio bado iko hai. Magawio yasiyodaiwa huishia kwa mamlaka ya mali zisizodaiwa, na kuyarudisha ni safari.

Kisha amua bei. Mwambie dalali kwa maandishi: "Uza 300, si chini ya shilingi kadhaa." Agizo la namna hiyo hukulinda usiuzwe kwa bei yoyote iliyopo siku ya vurugu. Kumbuka pia ukiuza leo, pesa hufika siku ya tatu ya kazi, kwa hivyo kuuza asubuhi hakulipi bili ya jioni. Na soko linaweza kusimama lenyewe: Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais, biashara NSE ilisimamishwa kwa muda siku hiyohiyo.

Mwisho, weka pembeni matumizi ya miezi sita, nje ya soko kabisa. Aliye na unga nyumbani ndiye anayeweza kungoja siku kumi nilizozisema.

Jumapili iliyopita nilimsomea yule mama yote haya. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akatoa daftari lake, ambalo huliandika kwa herufi za Kiarabu kama alivyofunzwa chuoni Mji wa Kale, akachora mistari mitatu: hisa, mlango, bei ya kuuza. Mbele ya Safaricom aliandika "ushuru, wageni". Mstari wa bei aliuacha wazi, akasema anataka kwanza kuulizana na bintiye, maana nusu ya hisa hizo ni za mjukuu.